Mstari Usio na Vitone

Vilja: Haloo? Mama! Si nilisema nitakupigia mwenyewe nikikaribia? Una haraka kama—

Taisto: Si mama. Ni mimi.

Vilja: Baba? Ee, shikamoo baba. Leo umempokonya mama simu yake?

Taisto: Marahaba. Yangu imezimika. Nilikaa nayo uani, baridi ikanyonya chaji yote.

Vilja: Uani unatafuta nini na hiyo nyonga mpya uliyowekewa? Huko baridi kiasi gani leo?

Taisto: Ishirini na mbili chini ya sifuri.

Vilja: Bwana wee! Na mimi nimevaa viatu vya mjini. Mwambie mama asinicheke. Keshaoka mikate ya mdalasini, au nimekuja na njaa yangu nirudi nayo?

Taisto: Uko wapi sasa?

Vilja: Kwenye treni, wapi tena? Tumeshapita stesheni ya Kokkola. Sauti yako inakwaruza, hebu ngoja nisogee dirishani... Baba?

[kimya]

Vilja: Baba, ni mtandao au ni wewe?

Taisto: Ni mimi. Vilja, mama yako katoka.

Vilja: Katoka kwenda wapi?

Taisto: Na baiskeli.

Vilja: Baiskeli gani? Si tulikubaliana—

Taisto: Tulikubaliana.

Vilja: Si ulizivua zile tairi za misumari, za barafuni?

Taisto: Nilizivua. Jumapili, alipokuwa amelala. Nikazitia kwenye kiroba, nikakificha sauna, nyuma ya kuni.

Vilja: Sasa katokaje?

Taisto: Na zile za kiangazi. Ndizo nilizomwachia.

Vilja: Mungu wangu. Kwenye barafu? Na tairi laini?

Taisto: Nilijua ataziona. Wewe unamjua mama yako. Miaka yote, kabla hajapanda, lazima abonyeze tairi kwa kidole gumba na kupapasa misumari. Nikasema atapapasa, ataona hakuna, atanitukana kidogo, kisha atarudi ndani tunywe kahawa. Mtu wa huku Oulu atatokaje Januari na tairi za kiangazi? Hao si ndio anaowacheka kila siku, watu wa kusini?

Vilja: Hakupapasa.

Taisto: Hakupapasa.

[mkwaruzo]

Vilja: —muda gani? Baba! Nimekuuliza, tangu muda gani?

Taisto: Sijui.

Vilja: Hujui vipi?

Taisto: Nilisinzia baada ya chakula. Zile dawa za nyonga zinanipiga kama rungu. Na wewe unajua zile tairi zake za misumari, zikianza kutembea uani zinalia kama samaki kwenye kikaango. Nisingekosa kuzisikia. Akirudi nikisikia tu ule mlio, naweka kahawa. Leo katoka kimya, Vilja. Tairi laini hazisemi. Nimeamka, nyumba tupu, na simu yake hii juu ya meza.

Vilja: Umewapigia watu wa dharura?

Taisto: Kabla simu yangu haijazimika. Nikawaambia ni mgonjwa, ana ule ugonjwa wa kusahau. Wakauliza anaweza kuwa wapi. Nikasema stesheni.

Vilja: Stesheni kwa nini?

Taisto: Si unakuja na treni? Nikadhani kaenda kukupokea.

Vilja: Wakasema nini?

Taisto: Walimtuma mtu. Hayupo stesheni. Kuna mtu mmoja tu pale, anauza magazeti, hajaona mama wa baiskeli. Wakasema nikae nyumbani, wanaendelea kutafuta, lakini leo magari yanagongana mji mzima. Ndipo nikatoka uani kumwita. Naita, naita, simu ikafa mkononi.

Vilja: Hilkka je? Si umgongee jirani aende!

Taisto: Nimegonga. Hayupo. Yuko jimu.

Vilja: Hii ni siku ya kuwa jimu kweli?

Taisto: Mama yako angecheka. Jana tu kamwambia pale ngazini, "Hilkka, unalipa pesa kila mwezi uendeshe baiskeli isiyofika popote. Njoo na mimi, baridi ni ya bure."

Vilja: "Baridi ni ya bure." Hilo hasahau.

Taisto: Juu ya baiskeli hasahau kitu. Hilo ndilo sikukwambia. Ndani ya nyumba ananiuliza mara tano leo ni siku gani. Lakini akipanda ile baiskeli, huyo ni Kaisu yule yule. Anakwenda mpaka ufukweni, anarudi, kope zimeganda nyeupe, mashavu mekundu, na ananisimulia kila alichokiona, sungura, watu, gari la kukwangua theluji limepita wapi. Nusu saa nzima ninakuwa na mke wangu. Kisha anavua kofia, na Kaisu huyo anaondoka.

Vilja: Baba...

Taisto: Hata daktari alisema mwacheni aendeshe, hakuna dawa ya bei rahisi kama hiyo.

Vilja: Na mimi nikasema zivue tairi.

Taisto: Sikusema ni wewe.

Vilja: Hukusema. Lakini ni mimi. Nimekaa huko Helsinki, nikasikia kaanguka mara moja, mara moja tu, nikapiga simu kukupa amri kama mkubwa wa nyumba.

Taisto: Mkono uliozivua ni wangu. Tuyaache hayo. Nifanye nini, Vilja? Niambie nifanye nini. Mimi kichwa kimesimama.

Vilja: Ngoja. Ngoja kwanza. Ulimwambia kwamba nakuja?

Taisto: Asubuhi, tukinywa uji.

Vilja: Ulisemaje? Neno kwa neno.

Taisto: Nilisema, "Mtoto anakuja leo."

Vilja: Mtoto?

Taisto: Si ndivyo ninavyokuita siku zote?

Vilja: Hukutaja jina langu? Wala treni?

Taisto: Nilisema mtoto. Mtoto anakuja leo.

Vilja: Naye akasemaje?

Taisto: Akasema, "Nani atakwenda kumchukua?" Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Kaisu wee, atakuja mwenyewe." Akaniangalia... akaniangalia kama mimi ni mtu asiye na huruma. Sikuelewa. Nikadhani ni uji umemchoma ulimi.

Vilja: Baba. Nenda mlangoni, pale tunapotundika makoti.

Taisto: Nipo hapa hapa mlangoni.

Vilja: Kachukua nini?

Taisto: Koti lake. Kofia ya sufu. Glavu zake. Amevaa sawasawa, nashukuru kwa hilo. Ila ile droo ya chini iko wazi.

Vilja: Droo ya chini kuna nini siku hizi?

Taisto: Makorokoro. Soksi za zamani... Ee.

Vilja: Nini?

Taisto: Zile glavu zako nyekundu hazipo. Zile ndogo zenye kamba.

Vilja: Kamba ya kupitisha kwenye mikono ya koti?

Taisto: Ndizo. Alikufumia ulipoanza chekechea, maana ulikuwa unapoteza moja kila wiki.

[mkwaruzo mrefu]

Vilja: —sikia baba? Hakwenda stesheni! Kaenda chekechea! Kaenda kunichukua!

Taisto: Chekechea gani? Ile si ilibomolewa tangu—

Vilja: Mama hajui kama ilibomolewa!

Taisto: Pale siku hizi ni kiwanja tu. Wanamwaga theluji ya mtaa mzima. Hapana taa, hapana mtu.

Vilja: Hebu toka uani uangalie theluji. Kuna alama?

Taisto: Ngoja niwashe taa ya nje, kiza cha Januari huwahi, kimeshaingia. Kuna njia za baiskeli nyingi, watu wote wa jengo hili wamepita. Mistari tu... Vilja.

Vilja: Nini?

Taisto: Yote ina vitone. Misumari ikipita inaacha vitone. Kuna mstari mmoja hauna.

Vilja: Ni wake.

Taisto: Laini kama umechorwa kwa kidole. Unatoka bandani, unapita langoni... unakata kushoto.

Vilja: Stesheni ni kulia.

Taisto: Kulia, ee. Huu umekwenda kushoto. Theluji imeanza kudondoka, itaufunika sasa hivi. Nakwenda.

Vilja: Huendi popote! Huwezi kutembea!

Taisto: Sitembei. Nachukua ile sleji ya kiti, ya kuteleza kwenye theluji. Nasimama na mguu mbovu, nasukuma kwa mzima. Bibi yangu alikwenda nayo kanisani akiwa na miaka themanini na kitu.

Vilja: Bibi yako hakuwa na chuma ndani ya nyonga! Baba, nisikilize. Nakata simu niwapigie dharura niwaambie—

Taisto: Usikate.

Vilja: Lazima nikate, ndipo niweze—

Taisto: Vilja, usikate. Naogopa. Ukikata, simu ikigoma kuwaka tena, nitakuwa peke yangu na mstari huu.

Vilja: Sawa. Sikati. Ngoja, nipo na wewe... Samahani, dada! Dada konda! Naomba msaada wako. Mama yangu amepotea huko Oulu kwenye baridi, baba yangu yuko kwenye simu hii, siwezi kumkata. Tafadhali wapigie dharura kwa simu yako. Waambie Kaisu, yule mama wa baiskeli, mtaa wa Tuira. Wasihangaike na stesheni. Waende pale ilipokuwa chekechea ya zamani, nyuma ya shule, kwenye lundo la theluji.

Konda: Nyuma ya shule. Tuira. Napiga sasa hivi. Kaa chini kwanza, dada.

Vilja: Sikai. Nikikaa mtandao unakatika... Baba? Uko wapi?

Taisto: Njiani. Inateleza vizuri.

Vilja: Unahema.

Taisto: Baridi inaingia kifuani. Usiniulize maswali marefu.

Vilja: Mstari upo?

Taisto: Upo. Kaendesha vizuri kabisa mpaka hapa kwenye taa. Hakuyumba hata kidogo. Kwa tairi zile! Mwanamke huyu, Vilja, angezaliwa mwanamume wangemtungia nyimbo.

Vilja: Angezaliwa mwanamume usingemwoa.

Taisto: Hilo nalo neno.

[mlio wa chuma kwenye barafu]

Taisto: Lo.

Vilja: Nini? Baba, nini?

Taisto: Hapa ameanguka.

Vilja: Umejuaje?

Taisto: Theluji imevurugika. Mstari umepinda, kisha kuna alama ya mtu mzima mzima kalala upande. Kuna glavu hapa. Ya kwake, ya ngozi. Na nyingine hii hapa, nazitia mfukoni.

Vilja: Zote mbili? Hana glavu?

Taisto: Alizivua labda, kurudishia mnyororo. Ila kasimama. Naona nyayo. Anakwenda kwa miguu na baiskeli pembeni. Hatua zake ndogondogo.

Vilja: Endelea. Baba, endelea tu.

Taisto: Naendelea. Mguu mzima nao umeanza kuniuliza maswali.

Vilja: Na sisi tumesimama! Kwa nini tumesimama? Hapa ni msituni!

Taisto: Nani kasimama?

Vilja: Treni. Wanatangaza hapa kwamba tunapisha treni ya mizigo. Wazee wa kiti cha mbele wananywa kahawa yao, wanacheka. Ningeshuka nikimbie. Ningekimbia, baba.

Taisto: Usishuke. Una viatu vya mjini.

[mkwaruzo, sauti inakuja na kupotea]

Taisto: —ndani ya handaki. Vilja? Nimeingia lile handaki la chini ya barabara kuu. Humu hamna theluji. Mstari umekwisha.

Vilja: Ukitokea upande wa pili?

Taisto: Kuna njia tatu. Na gari la kukwangua limepita zote sasa hivi, limefuta kila kitu. Wasio na akili hawa, siku zingine unawasubiri hawaji. Sijui wapi. Sijui, mwanangu. Nimefika mwisho.

Vilja: Hujafika mwisho. Mimi naijua njia hiyo. Nilikuwa nakaa nyuma ya baiskeli kwenye kile kiti cha mtoto, nimeshika koti lake. Tukiingia hilo handaki anapiga kengele, inaitika kuta zote, mimi nacheka. Anapiga tena. Tukitoka, tunakwenda upande wenye upepo. Nilikuwa naficha uso mgongoni kwake.

Taisto: Upepo unatoka mtoni. Upande wa kushoto kabisa.

Vilja: Huo huo. Halafu kuna kilima kidogo, anasimama kwenye pedali, nami nampiga mgongo, "Kaza mama, kaza!"

Taisto: Nakiona. Ngoja... Nyamaza kidogo.

Vilja: Nini?

Taisto: Nyamaza.

[kimya]

Taisto: Kengele.

Vilja: Kengele gani?

Taisto: Ya baiskeli yake. Inalia kule kwenye lundo. Mara moja, inanyamaza, inalia tena.

Vilja: Ndivyo alivyokuwa akifanya langoni! Anapiga kengele nijue kafika, niharakishe kuvaa. Mimi nilikuwa wa mwisho siku zote.

Taisto: Namwona. Vilja, namwona! Kaisu! Kaisu ee! Amesimama na baiskeli yake mbele ya lile lundo. Kaisu!

Vilja: Yuko sawa? Baba, anaonekanaje?

Taisto: Amesimama wima. Hageuki. Nateremka sasa, kuna kimteremko hapa, kinateleza kidog—

[kishindo, simu inagonga kitu]

Vilja: Baba? Baba! Haloo! Baba, sema kitu! ... Dada konda, wamesemaje? Wanakuja?

Konda: Wamepokea. Wamesema wanatuma gari, lakini liko upande wa pili wa mji. Wanaomba wakae pamoja, wasitembee ovyo.

Vilja: Wasitembee ovyo. Sawa. Baba! Haloo!

[mkwaruzo; pumzi]

Taisto: Nipo.

Vilja: Umeanguka?

Taisto: Nimelala kidogo.

Vilja: Inuka! Unaweza kuinuka?

Taisto: Hapana.

Vilja: Nyonga?

Taisto: Usiniulize habari za nyonga. Simu hii inalia, betri imekuwa nyekundu. Kaisu, njoo hapa, mama. Njoo unishike mkono... Vilja, hanijui. Ananiona kama mzee tu aliyeanguka. Namwambia twende nyumbani, anasema haendi bila mtoto. Sema naye wewe. Chukua simu, Kaisu. Chukua. Ni ya kwako.

Kaisu: Haloo. Ni nani mwenzangu?

Vilja: Mama! Mama, ni mimi.

Kaisu: Mimi nani?

Vilja: Vilja. Mtoto wako.

Kaisu: Usinifanyie mzaha, dada. Vilja yuko ndani, anavaa.

Vilja: Mama, nisikilize. Mimi ni mtu mzima sasa. Niko kwenye treni, nakuja kwako. Chekechea ilishavunjwa. Hapo mbele yako ni theluji tu.

Kaisu: Sauti ya mtu mzima mwenye adabu, na maneno ya kitoto. Vilja wangu hajui hata kufunga zipu. Nimepiga kengele, hajatoka. Ni mzito wa kuvaa huyo, mpaka apate soksi ya pili wenzake wamefika kwao. Nitamngoja.

Taisto: Nipe simu kidogo, Kaisu, mikono yako... Vilja, mikono yake imekuwa myeupe. Mwambie chochote. Mwambie uongo.

Vilja: Sijawahi kumdanganya, baba.

Taisto: Basi anza. Kaisu, shika simu tena.

[mkwaruzo]

Vilja: ... Mama Vilja?

Kaisu: Naam! Naam, mwalimu.

Vilja: Habari za mchana, Mama Vilja.

Kaisu: Salama, mwalimu. Samahani nimechelewa, baiskeli leo ina vituko, inateleza kama sabuni. Anavaa huyo?

Vilja: Hayupo, Mama Vilja. Keshaondoka.

Kaisu: Kaondoka? Na nani?

Vilja: Baba yake alimpitia mapema. Wako nyumbani. Wanakungoja.

Kaisu: Baba yake? Angalau angeniambia! Wanaume hawa. Basi sawa. Kala vizuri leo?

Vilja: Kala vizuri sana. Mama Vilja, hapo chini kuna mzee ameanguka.

Kaisu: Yupo. Maskini, ananivuta koti.

Vilja: Anakaa jengo lenu. Naomba umsaidie. Mnyanyue, umkalishe kwenye ile sleji, umsukume mpaka nyumbani.

Kaisu: Mzito huyu, mwalimu.

Vilja: Una miguu ya baiskeli, Mama Vilja. Watu wote wanaijua miguu yako.

Kaisu: Hilo ni kweli. Ya bure kabisa, sijalipia senti. Haya, mzee, nipe mkono. Moja, mbili... Simama hivyo. Egemea hapa. Usilie, bwana, mtu mzima analilia nini? Kaa. Shika pale mbele.

Vilja: Amekaa?

Kaisu: Amekaa. Na baiskeli yangu?

Vilja: Iache hapo. Hakuna atakayeichukua.

Kaisu: Na tairi hizi, hata mwizi hataitaka. Nikimpata aliyezifunga nitamwonyesha.

Taisto: Utamwonyesha, mke wangu. Twende.

Vilja: Vaa glavu zako kwanza. Mzee anazo mfukoni. Vaa, Mama Vilja, tafadhali.

Kaisu: Mimi sina neno. Mwalimu, ngoja. Mwalimu! Mtoto kaondoka vipi? Kaondoka mikono mitupu?

Vilja: Sijakuelewa.

Kaisu: Glavu zake ninazo mimi. Nimezishika hapa, nyekundu, zina kamba. Kwenye baridi hii yote katembea bila glavu. Mikono yake si itakuwa—

[simu inazimika]

Vilja: Ina joto. Mikono yake ina joto, Mama Vilja. Ina joto kabisa. Haloo? ... Haloo? ... Mama?